Muda wa Uhai wa Atomi Mbele ya Kioo: Mwongozo Kamili wa Kukokotoa na Kupima

Atomi ya sodiamu ikisisimuliwa hadi kiwango kinachotoa ile rangi ya njano ya taa za zamani za barabarani, hukaa na nishati hiyo kwa takriban nanosekunde 16 kwa wastani, kisha huiachia kama mwanga. Vitabu vingi huandika namba hiyo kana kwamba ni mali ya atomi yenyewe. Ukweli ni kwamba ni namba ya atomi iliyo peke yake, mbali na kila kitu. Isogeze karibu na kioo, karatasi ya dhahabu au hata kipande cha glasi, na muda huo utabadilika. Unaweza kurefuka au kufupika, na mahali pengine mwanga unazimika kabisa.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kukokotoa badiliko hilo kwa kikokotoo cha kawaida, kisha namna ya kulipima katika maabara ya chuo yenye osiloskopu, kifaa kinachochora ishara ya umeme dhidi ya muda. Nimechagua mfano wa europiamu, elementi ya metali ambayo michanganyiko yake hung'aa nyekundu, mbele ya kioo cha fedha, kwa sababu ndio uliolithibitisha jambo hili kwa mwanga unaoonekana. Karl Drexhage, akifanya kazi na Hans Kuhn huko Ujerumani miaka ya 1960, alipanga molekuli zenye europiamu juu ya kioo, akazitenganisha nacho kwa tabaka za asidi za mafuta. Kila tabaka ilikuwa na unene wa takriban nanomita 2.6, kwa hiyo kuongeza umbali ilikuwa ni kuongeza tabaka, moja baada ya nyingine. Muda wa uhai ulipanda na kushuka kadiri umbali ulivyoongezeka. Hadi leo sijaona njia nzuri zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi kwamba atomi haitoi mwanga kwa uamuzi wake peke yake.

Unachohitaji kujua kabla ya kuanza ni trigonometria ya sekondari na maana ya uozo wa kieksponenti, ule ule unaoufahamu kwenye vitu vya mnunurisho.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini kioo kina neno

Albert Einstein aliandika mwaka 1916 kwamba atomi iliyosisimuliwa ina kasi yake maalumu ya kutoa mwanga bila kuchokozwa. Mwaka 1927 Paul Dirac alionyesha kasi hiyo inatoka wapi: atomi huachia nishati yake kwenye uga wa sumaku-umeme ulioizunguka, na kasi hutegemea uga huo una njia ngapi za kuipokea fotoni, yaani chembe ya mwanga, mahali pale atomi ilipo. Ukibadilisha njia hizo, umebadilisha kasi.

Kioo cha metali hulazimisha uga wa umeme ulio sambamba na uso wake uwe sifuri pale usoni. Kwa hiyo atomi ambayo dipoli yake (mtikisiko wa chaji zake, mfano wa antena ndogo) imelala sambamba na kioo, ikiwa karibu sana nacho, haina pa kupeleka mwanga. Ile ambayo dipoli yake imesimama wima hupata kinyume chake: uga wa wima karibu na metali huimarika, na atomi hutoa mwanga haraka zaidi.

Kuna njia ya pili ya kuliona jambo hilo hilo, nayo ndiyo inayorahisisha hesabu. Chukulia kwamba nyuma ya kioo kuna taswira ya dipoli, umbali ule ule. Wimbi linalotoka kwenye taswira hurudi hadi kwenye atomi. Likifika likiwa linaenda pamoja na mtikisiko wa dipoli, linaisaidia kutoa nishati. Likifika likiwa kinyume, linaizuia. Kuna mtu atauliza: fotoni haijatoka bado, wimbi limerudi vipi? Swali hilo lina haki yake. Jibu ni kwamba hesabu ya kikwanta ya kasi na hesabu ya antena ya kawaida hutoa uwiano ule ule kabisa, ndiyo maana tunaruhusiwa kutumia picha ya antena. Usiende mbali zaidi ya hapo kwa kudhani kwamba kuna mwanga uliotoka ukagonga kioo ukarudi kuuliza ruhusa.

Hatua ya 2: Kusanya namba nne

Ya kwanza ni urefu wa wimbi katika ombwe, λ. Kwa mstari mwekundu wa europiamu tumia nanomita 612.

Ya pili ni n, yaani mwanga unapungua kasi mara ngapi ndani ya kitu kinachoizunguka atomi. Kwa polima nyingi na glasi ya kawaida ni karibu 1.5. Ndani ya kitu hicho wimbi letu lina urefu wa 612/1.5, yaani nanomita 408. Namba hii ya 408 ndiyo utakayoitumia muda wote.

Ya tatu ni τ0, muda wa uhai ukiwa mbali na kila uso. Michanganyiko ya europiamu hutofautiana. Nitatumia milisekunde 1 kwa urahisi wa hesabu, nawe utaweka uliyoipima.

Ya nne husahauliwa na wengi, nayo ndiyo inayoharibu hesabu nyingi: ufanisi, q. Molekuli iliyosisimuliwa ina milango miwili ya kutokea: mmoja wa mwanga, mwingine wa joto. Kioo kinapanua au kubana mlango wa mwanga tu. Ule wa joto hakiugusi. Kama q ni 0.7, basi asilimia 70 ya molekuli hutokea mlango wa mwanga na 30 hupotelea kwenye joto. Molekuli yenye q ya 0.05 unaweza kuisogeza mbele ya kioo mchana kutwa na muda wake wa uhai usitikisike kwa kiasi cha kupimika. Nitatumia 0.7 kwenye mfano, kisha Hatua ya 7 itakuonyesha namna ya kuipima q yenyewe.

Hatua ya 3: Geuza umbali kuwa x

Kila kitu kinategemea namba moja isiyo na kizio:

x = 4π n z / λ

ambapo z ni umbali kutoka atomi hadi kioo. Maana yake ni hii: wimbi linakwenda hadi kioo na kurudi, jumla 2z, na x ni mzunguko wa wimbi katika safari hiyo, kwa radiani. Hakikisha kikokotoo chako kiko kwenye radiani. Kikiwa kwenye digrii, mengi ya majibu yataonekana ya kweli ingawa si sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa europiamu yetu, z ya nanomita 51 inakupa x = π/2; 102 inakupa π; 153 inakupa 3π/2; 204 inakupa 2π.

Hatua ya 4: Kokotoa F

F ni uwiano wa kasi ya kutoa mwanga mbele ya kioo kwa kasi ya mbali. Kwa kioo kisichopoteza nishati yoyote:

F wima = 1 − 3 [ cos x / x² − sin x / x³ ]

F sambamba = 1 − 1.5 [ sin x / x + cos x / x² − sin x / x³ ]

Kama dipoli zinaelekea kila upande bila mpangilio, theluthi moja ya uzito ni ya wima na theluthi mbili ni za sambamba:

F wastani = 1 − sin x / x − 2 cos x / x² + 2 sin x / x³

Kabla ya kuamini lahajedwali lako, lijaribu kwa x ndogo sana, tuseme 0.05. Wima lazima ikaribie 2, sambamba ikaribie 0, wastani ikaribie 0.67. Usiweke x = 0 moja kwa moja kwa sababu utagawanya kwa sifuri.

Haya ndiyo majibu ya mfano wetu:

z = 51 nm: wima 1.77, sambamba 0.43, wastani 0.88
z = 102 nm: wima 1.30, sambamba 1.15, wastani 1.20
z = 153 nm: wima 0.97, sambamba 1.30, wastani 1.19
z = 204 nm: wima 0.92, sambamba 0.96, wastani 0.95
z = 255 nm: wima 1.01, sambamba 0.81, wastani 0.88

Zitazame vizuri. Dipoli ya wima hutulia upesi: ikifika nanomita 255 imesharudi kwenye 1. Ya sambamba inaendelea kuyumba, kwa sababu ina lile neno la sin x / x linalopungua polepole. Sababu yake ni ya kimaumbile. Dipoli haitoi mwanga kwenye mhimili wake wenyewe; iliyosimama wima haitumi chochote moja kwa moja kwenye kioo, kwa hiyo haipokei mrejesho wa moja kwa moja. Iliyolala hutuma mwanga wake mwingi kuelekea kioo na kupokea mwingi. Kwa hiyo, ukitaka athari kubwa kwa mbali, zilaze dipoli zako.

Na kwa mbali sana? Kioo cha kujitazamia kilichopo ukutani kina glasi ya milimita 4 hivi mbele ya metali. Ukibandika molekuli juu ya glasi hiyo, x inakuwa zaidi ya 120,000 na badiliko ni kama sehemu moja kwa laki moja. Hutaliona. Unahitaji kioo ambacho metali yake iko mbele, isiyofunikwa.

Umbali wenyewe haukatazi jambo hili, ila unalidhoofisha. Mwaka 2001 kikundi cha Rainer Blatt huko Innsbruck, Austria, kilinasa ioni moja ya bariamu na kuweka kioo umbali wa sentimita 25, kikitumia lenzi kuurudisha mwanga wa ioni juu ya ioni yenyewe. Mwanga uliopimwa ulipanda na kushuka kioo kiliposogezwa kwa sehemu za urefu wa wimbi. Lenzi ndiyo iliyookoa hali, kwa kukusanya mwanga ambao vinginevyo ungetawanyika.

Hatua ya 5: Toka kwenye F hadi muda wa uhai

τ = τ0 / (1 − q + q F)

Kwa q ya 0.7 na z ya 153: 0.3 + 0.7 × 1.193 = 1.135, na τ ni milisekunde 0.88. Kwa z ya 255: 0.3 + 0.7 × 0.877 = 0.914, na τ ni milisekunde 1.09. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni karibu asilimia 24. Kipimo chenye uhakika wa asilimia 2 kinatosha kabisa kuiona, na hicho hakihitaji mitambo ya gharama.

Hadhari moja kuhusu F wastani. Inafaa pale ambapo kila molekuli hupitia pande zote za mwelekeo ndani ya muda wake wa uhai. Kama kila molekuli imeganda kwenye mwelekeo wake, zile za wima zina kasi yake na za sambamba zina yake, na grafu ya uozo haitakuwa eksponenti moja. Hapo F wastani inakupa mteremko wa mwanzo tu. Europiamu ina jambo jingine pia: mstari wake wa karibu nanomita 590 hutokana na dipoli ya sumaku, na dipoli ya sumaku mbele ya kioo hufuata kinyume cha dipoli ya umeme. Ikiwa imelala sambamba karibu na metali, huimarika badala ya kuzimika. Kwa kuwa mistari yote hutoka kwenye kiwango kimoja cha nishati, yote ina muda mmoja wa uhai, na F halisi ni mchanganyiko wa yote. Ndiyo maana chagua mchanganyiko wa kikemia ambao mstari wa 612 unatawala, kama ule wa dibenzoilimethani.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa ajili ya metali halisi

Fedha si kioo kikamilifu. Inakuletea mambo matatu, na kila moja lina eneo lake.

La kwanza ni la mbali, zaidi ya nanomita 70 hivi. Uga huzama kidogo ndani ya fedha, kwa hiyo kioo hujifanya kiko nyuma kidogo ya uso wake. Kwa fedha kwenye 612, ikiguswa na polima ya n 1.5, ongeza takriban nanomita 22 kwenye z kabla ya kukokotoa x. Usipofanya hivyo, grafu yako itakuwa na umbo sahihi lakini imesogea pembeni, na utashinda siku nzima ukilaumu kipimo cha unene.

La pili ni la kati, makumi ya nanomita. Hapa sehemu ya nishati huingia kwenye plazmoni, yaani mawimbi ya elektroni yanayotambaa juu ya uso wa metali. Fomula za Hatua ya 4 hazina habari nazo. Wakemia Chance, Prock na Silbey waliikokotoa hali yote kwa ukamilifu mwaka 1978, na programu nyingi za leo hufuata njia yao. Kwa kazi ya mkono, ushauri wangu ni kuliruka eneo hili: usitumie sehemu zilizo chini ya nanomita 70 kwenye ulinganisho wako.

La tatu ni la karibu kabisa, na hapa hesabu ya mkono inawezekana tena. Uga wa karibu wa dipoli hutikisa elektroni za metali moja kwa moja, na nishati hugeuka joto. Kasi ya ziada, kwa dipoli zisizo na mpangilio, ni takriban:

F ya joto = 2 R / x³, ambapo R = 2 n² ε″ / [ (ε′ + n²)² + ε″² ]

Hapa ε′ na ε″ ni sehemu halisi na sehemu dhahania ya namba ya dielektriki ya metali, yaani namba inayoeleza metali inauitikiaje uga wa umeme, kwa urefu huo wa wimbi. Kwa dhahabu karibu na 612, ε′ ni karibu −10.7 na ε″ 1.4, hivyo R ni 0.086. Kwa fedha ni karibu −17 na 0.5, hivyo R ni 0.010, ingawa ε″ ya fedha hutofautiana sana kwa jinsi ilivyotengenezwa.

Kwenye nanomita 20, dhahabu inakupa 0.7. Kwenye 10, inakupa 5.9. Kwenye 5, inakupa 47. Ukipunguza umbali kwa nusu, upotevu unazidi mara nane. Kwenye nanomita 5 kutoka dhahabu, muda wa uhai wa europiamu yetu unashuka hadi kama milisekunde 0.03, na karibu nishati yote inaishia kwenye joto. Fedha ni mpole zaidi, karibu mara nane.

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Muda wa uhai mfupi haumaanishi mwanga mwingi. Molekuli karibu na dhahabu ina muda mfupi kwa sababu inaibiwa. Na mng'ao nao hudanganya kwa upande mwingine: kioo huurudisha mwanga kuelekea kipokezi chako, na pia hubadilisha kiasi cha mwanga wa taa unaoifikia molekuli, kwa hiyo sampuli yaweza kung'aa maradufu bila kasi ya atomi kubadilika hata chembe. Pima muda kwanza, halafu ndipo uutazame mng'ao.

Hatua ya 7: Pima

Uzuri wa europiamu ni upole wake. Rangi za kawaida za kung'aa huishi nanosekunde chache na zinadai leza na elektroniki ghali. Kwa kitu kinachoishi karibu milisekunde nzima, taa ya LED ya urujuanimno ya nanomita 365 inayozimika ndani ya mikrosekunde moja inatosha.

Anza na sampuli. Juu ya slaidi safi, pata tabaka la fedha lenye nanomita 100 au zaidi, lililopakwa ndani ya ombwe. Juu yake weka tabaka la kutenganisha, kisha tabaka jembamba lenye europiamu, nanomita 20 au pungufu, kisha kifuniko kinene cha mikromita moja au mbili. Usikose kuweka kifuniko. Bila hicho, mpaka wa polima na hewa unakuwa uso wa pili ulio jirani, nao una athari zake ambazo hukuzihesabu.

Ugumu uko kwenye viyeyusho. Ukimwaga polima yenye tolueni juu ya polima iliyokauka kutoka kwenye tolueni, ya chini inayeyuka na europiamu yako inazama hadi kwenye metali. Tumia aina mbili zisizoyeyushana: polivinaili alkoholi kutoka kwenye maji kwa tabaka la kutenganisha na kifuniko, na akriliki (PMMA) kutoka kwenye tolueni kwa tabaka la europiamu. Zote zina n karibu 1.5. Angalia usije ukanunua gundi nyeupe ya seremala inayouzwa kwa herufi PVA. Hiyo ni polivinaili asetati, kitu kingine. Unene unaudhibiti kwa kasi ya mashine ya kuzungushia slaidi na kwa ukolezi wa mchanganyiko, kisha unaupima kwa kukwaruza mstari na kupitisha sindano ya kupimia unene.

Ukitumia rekebisho la nanomita 22, umbali wa 80, 130, 180 na 230 kutoka fedha hadi katikati ya tabaka la europiamu utakuangusha karibu kabisa na z za 102, 153, 204 na 255 kwenye orodha ya Hatua ya 4. Tengeneza pia sampuli ya marejeo: tabaka zile zile lakini bila fedha, na tabaka la chini liwe nene kama kifuniko. Hiyo ndiyo itakupa τ0. Ifanye siku moja na zile nyingine, kutoka kwenye chupa ile ile, kwa sababu uhai wa europiamu hubadilika kwa joto la chumba na kwa unyevu.

Kwa upande wa mwanga, weka kichujio kinachopitisha 612 tu mbele ya mirija ya kuzidishia fotoni au fotodiodi yenye hisi kali. Washa LED kwa milisekunde mbili, izime, subiri milisekunde nane, rudia. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Acha osiloskopu ikusanye wastani wa maelfu ya mizunguko.

Sasa jambo dogo lenye madhara makubwa. Mlango wa osiloskopu una ukinzani wa megaomu 1, na kebo ya mita moja ina kapasitansi ya pikofaradi 100 hivi. Zizidishe: mikrosekunde 100. Yaani kebo yako yenyewe ina "muda wa uhai" wa sehemu ya kumi ya kile unachokipima, na itaivuta grafu yako kimyakimya. Unganisha rezista ya kiloomu 10 sambamba na mlango huo. Muda unashuka hadi mikrosekunde 1, ishara inapungua, lakini sasa ni ya kweli. Kama ishara imekuwa ndogo mno, ongeza wastani, usiongeze rezista.

Tupa mikrosekunde 20 za mwanzo baada ya LED kuzimika, kwa sababu glasi na polima nazo hung'aa kidogo. Ondoa kiwango cha giza, ukipime baada ya milisekunde 7 tangu LED izimike. Chora logi asilia ya ishara dhidi ya muda: ukipata mstari mnyoofu, mteremko wake ni kasi, na kinyume cha kasi ni τ. Mstari ukipinda, rudi usome ile hadhari ya Hatua ya 5 kuhusu mwelekeo. Kisha rudia sampuli ya kwanza mwisho wa kazi. Ikiwa muda wake umebadilika, taa yako ina nguvu mno na inaharibu molekuli.

Halafu pata q. Chora kasi uliyopima, 1/τ, kwenye mhimili wa wima, na F uliyokokotoa kwenye mlalo. Nukta zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja. Mteremko ni q/τ0, na mahali mstari unapokata mhimili wa wima ni (1 − q)/τ0. Gawanya mteremko kwa jumla ya hizo mbili, umepata q. Kwa namba zetu: kasi inapanda kutoka 0.914 hadi 1.135 wakati F inapanda kutoka 0.877 hadi 1.193, mteremko 0.70. Umepima ufanisi wa molekuli bila kuhesabu hata fotoni moja kwa usahihi, jambo ambalo kwa njia nyingine linasumbua hata maabara kubwa. Mimi naona hii ndiyo zawadi kubwa ya jaribio zima.

Hatua ya 8: Ukitaka kuzuia mwanga kabisa, tumia vioo viwili

Kioo kimoja hakiwezi kuifanya dipoli isiyo na mpangilio inyamaze. Viwili vinavyotazamana vinaweza kuinyamazisha ile iliyolala sambamba navyo. Nafasi kati yao ikiwa pungufu ya nusu ya urefu wa wimbi, hakuna wimbi la mwelekeo huo linaloweza kukaa humo, na F inakuwa sifuri. Dipoli ya wima haizuiliki; kasi yake inakuwa 3λ/(4d), ambapo d ni nafasi kati ya vioo, kwa hiyo inazidi kadiri unavyovikaribisha.

Wazo la kwamba mazingira hubadilisha kasi lilianzia mahali pasipotarajiwa. Mwanafizikia Edward Purcell, mwaka 1946, alikuwa akifikiria viini vya atomi kwenye uga wa sumaku, si mwanga. Alikokotoa kwamba kwa mtikisiko wa mara milioni 10 kwa sekunde, kiini kingehitaji sekunde 5 zikifuatwa na sifuri 21 ili kutulia kwa kutoa mnunurisho peke yake. Ukichanganya humo chembechembe za metali zenye kipenyo cha elfu moja ya sentimita, muda huo ungeshuka hadi dakika. Daniel Kleppner wa chuo cha MIT, Marekani, aligeuza swali mwaka 1981: je, tunaweza kuzuia? Mwaka 1985 yeye, Hulet na Hilfer walipitisha atomi za sesiamu zilizosisimuliwa hadi kiwango cha 22 kati ya bamba mbili za metali. Atomi kubwa namna hiyo hutoa wimbi la milimita 0.45, kwa hiyo nafasi ya chini kidogo ya robo milimita ilitosha, kitu ambacho fundi mzuri anaweza kukipanga. Uhai wa atomi ulirefuka angalau mara 20. Miaka miwili baadaye kikundi kilichokuwa na Ed Hinds na Serge Haroche kilifanya hivyo huko Yale kwa wimbi la mikromita 3.49, ndani ya mwanya wa mikromita 1.1.

Kwa mwanga wa 612 ndani ya polima, nafasi hiyo ingekuwa chini ya nanomita 204, na atomi katikati ingekuwa kama nanomita 100 tu kutoka kila metali. Kwa hiyo kabla ya kujenga, rudi Hatua ya 6 na ukumbuke kwamba plazmoni za nyuso zote mbili zitadai sehemu yao.

Hatua ya 9: Geuza hesabu kuwa rula

Ukishaamini grafu ya τ dhidi ya z, unaweza kuisoma kinyume: pima τ, pata z. Kikundi cha Jörg Enderlein huko Göttingen hutumia dhahabu nyembamba ya nanomita 10 hivi chini ya seli hai, na kwa kupima muda wa uhai wa rangi zilizo kwenye utando wa seli, hujua utando uko juu kiasi gani, kwa usahihi wa nanomita chache. Kwa kazi hii baki upande wa kwanza wa grafu, karibu na metali, ambako τ hupanda tu kadiri z inavyoongezeka. Ukivuka kilele cha kwanza, muda mmoja wa uhai unakuwa na umbali zaidi ya mmoja, na hakuna hesabu itakayokuambia ni upi.